Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui na Kiti cha Ukadhi

Mtu akitoka Msikiti wa Jamia, Nairobi, akateremka na Mtaa wa Wabera, hazipiti dakika nyingi ila yumo City Hall Way, karibu na jengo la mawe la zama za Waingereza ambalo leo ndilo Mahakama ya Juu ya Kenya. Waislamu wengi wa Pwani waendao Nairobi kwa shughuli zao huswali Jamia adhuhuri, kisha hupita mbele ya jengo lile bila ya kuligeuzia uso. Lakini tangu mwaka 1905, serikali ilipohamisha makao yake kutoka Mombasa, hapo katikati ya Nairobi ndipo palipokatwa shauri la nani atakaa kuwahukumu watu, na katika watu hao tumo sisi, katika ndoa zetu na talaka zetu na mirathi ya wazee wetu.

Katika darsa yetu baada ya Isha yalizuka maneno juu ya jambo hili. Mmoja aliuliza kadhi huchaguliwa vipi, na nani, na kwa kipimo gani. Majibu yalikuwa mengi na yote mbali mbali, hata ikadhihirika kuwa watu wazima wenye kupeleka mashauri yao mbele ya kadhi hawajui aliyempa kadhi huyo kalamu. Tukaona ni kheri tuwaeleze ndugu zetu maisha ya mtu aliyekikalia kiti hicho, ambaye jina lake halina mgeni katika mji wowote wa Pwani, kwani ndani ya maisha yake mas'ala haya yamo yote.

Sheikh Al-Amin bin Ali bin Abdallah bin Nafi Al-Mazrui, Mwenyezi Mungu amrehemu, alizaliwa Mombasa mwaka 1891, sawa na 1308 Hijria. Kabila yake ndiyo iliyotawala Mombasa hata mwaka 1837, Seyyid Said bin Sultan alipoutwaa mji na kuwahamisha wakubwa wao. Baada ya hapo Mazrui hawakuwa tena watawala wa mji, lakini wengine wao waliupata ukubwa wa namna nyingine, nao ni ilimu. Baba yake, Sheikh Ali bin Abdallah, alikuwa katika wanavyuoni wakubwa wa pwani hii katika zama zake, mtu wa madhehebu ya Shafii aliyesema na kuandika alichokiona haki, na kwa sababu hiyo Seyyid Barghash alimtia gerezani. Twalitaja hili mapema ili msomaji asidhani kwamba zamani, kabla ya Mzungu, mambo ya wanavyuoni na watawala yalikuwa safi kama maziwa. Sultani Mwislamu naye aliwapendelea aliowataka na kuwafunga waliomuudhi.

Sheikh Ali alifariki mwaka 1894, na mwanawe yuko katika mwaka wake wa nne. Mtoto akalelewa na jamaa yake, Sheikh Suleiman bin Ali Mazrui, naye akawa mlezi wake na mwalimu wake wa mwanzo. Huyu Sheikh Suleiman msomaji amweke moyoni, atarejea mbele. Alipokua akavuka kwenda Unguja, ambako wakati huo ndiko kulikokuwa na bahari mbili za ilimu: Sayyid Ahmad bin Abubakar bin Sumait, aliyekuwa kadhi wa huko, na Sheikh Abdallah bin Muhammad Bakathir, ambaye chuo chake kilikuwa Ukutani. Wote wawili walifariki mwaka 1925. Kwa Bin Sumait hakusoma vitabu tu, bali alimwona kwa macho yake mwanachuoni aliyekaa katika kiti cha hukumu miaka mingi, na serikali ya Waingereza iko juu ya Sultani, na watu hawakuacha kumwamini. Somo hili haliandikwi katika matini yoyote, na sisi twaona kuwa lilimfaa kuliko mengi aliyoyahifadhi.

Aliporejea Mombasa alifundisha, akafungua Madrasa ya Ghazali, na akawa akisoma yaliyokuwa yakiandikwa Misri na kundi la Sheikh Muhammad Abduh na Sayyid Rashid Rida katika jarida la Al-Manar. Hapo ndipo alipoona kuwa darsa ya msikitini haimfikii ila anayekuja msikitini. Mwaka 1930 akaanza kutoa karatasi aliyoiita Sahifa, kwa Kiswahili, na mwaka 1932 akatoa gazeti la Al-Islah kwa Kiarabu na Kiswahili. Aliyoyaandika mengine yalikusanywa baadaye katika kitabu cha Uwongozi, na bado kinasomwa. Aliwagombeza matajiri wanaokopa ili wafanye harusi ya kusemwa, na warithi wanaokula mali ya mayatima katika matanga. Aliwalaumu wazee wanaowanyima binti zao kusoma, na vijana waliodhani ustaarabu ni kuvaa kama Mzungu na kuacha swala. Hakuwabembeleza maulamaa wenziwe walionyamazia bid'a, na wako waliomkasirikia kwa hilo hata wakafa. Hata utawala wa kikoloni hakuuacha. Alisema kwa wazi kuwa Mwislamu anapoteza ardhi yake na elimu yake na heshima yake, nusu kwa hila za wengine na nusu kwa uvivu wa nafsi yake.

Basi katika mwaka huo huo wa 1932, mwandishi huyu mwenye ulimi mkali akafanywa Kadhi wa Mombasa.

Hapa hapana budi tusimame, kwani hapa ndipo penye kiini cha maneno. Ni nani aliyemchagua? Kwa mkataba wa tarehe 14 Disemba 1895 Sultani wa Zanzibar aliikabidhi Uingereza uendeshaji wa ukanda wake wa Pwani, na pamoja na ushuru na bandari zikaenda mahakama. Sharia za mwaka 1897 ziliwaingiza makadhi na maliwali katika utaratibu wa serikali. Tangu hapo kadhi alikuwa mtu wa serikali mwenye mshahara wa serikali, na uteuzi wake ulitoka kwa wakubwa wa dola, ambao mkuu wao ni Gavana akaaye Nairobi. Bendera ya Sultani ilipepea Mombasa, lakini kalamu ilikuwa Nairobi. Hapakuwa na tangazo la kuwaita wenye sifa, wala baraza la maulamaa lililopewa haki ya kuwapima. Wakubwa wa wilaya waliuliza waliotaka kuwauliza, Liwali na wazee wachache, kisha khabari ikatoka imekwisha kuiva. Mtu wa Mji wa Kale aliipata kwa njia ile ile aliyopata khabari ya kupanda kwa bei ya mchele.

Wala hatusemi kuwa waliochaguliwa walikuwa wabaya. Sheikh Al-Amin mwenyewe ni hoja dhidi ya neno hilo, kwa kuwa hapakuwa na wengi waliomshinda kwa fiqhi. Lakini uteuzi mwema uliofanywa gizani una ila yake hata ukiwa mwema, maana watu hawawezi kujua ni ilimu iliyotazamwa au ni utulivu wa mtu mbele ya wakubwa. Na katika khabari ya huyu Sheikh shaka hiyo ilikuwa na mlango mpana. Gazeti lake halikudumu baada ya yeye kuingia ukadhini. Mwenye dhana mbaya angeweza kusema kuwa serikali imeununua ulimi wake kwa kilemba. Mwenye dhana njema atasema kuwa hakimu hafai kuwa mgomvi wa gazetini, kwa sababu leo anamtukana mtu kwa wino na kesho mtu huyo yuko mbele yake na shauri lake. Sisi twaegemea dhana njema, lakini hatuwezi kuwalaumu waliouliza, kwa kuwa uteuzi ule haukuwapa jambo lolote la kuwajibu.

Na mwenyewe hakuwa mjinga wa hatari yake. Kila aliyesoma chuoni anaijua hadithi ya makadhi watatu, wawili motoni na mmoja peponi, na anajua kuwa Imam Abu Hanifa aliukataa ukadhi wa Khalifa Al-Mansur akapata mateso kwa kuukataa, na ilhali mwanafunzi wake Abu Yusuf aliupokea katika zama za Harun Al-Rashid akawa kadhi wa makadhi. Wote wawili ni maimamu wetu. Wanavyuoni wa Shafii walikwisha kuifafanua mas'ala hii: kuhukumu ni fardhi ya kutosheleza, na asipokuwako mwingine afaaye huwa ni wajibu wa aliye peke yake. Imam Nawawi katika Minhaj amepitisha kwa dharura hukumu za aliyewekwa na mtawala mwenye nguvu hata kama hakutimiza sharti. Na Sheikh Izzuddin bin Abdissalam alikwenda mbali zaidi, akawaangalia Waislamu ambao nchi yao imetwaliwa na wasiokuwa wao na wakawekewa kadhi, akaona hukumu za kadhi huyo zipite, ili maslaha ya watu yasipotee. Aliyekataa ukadhi Mombasa katika mwaka 1932 angebaki na mikono safi, na mjane angebaki mlangoni na thumni yake isiyogawiwa.

Na kazi yenyewe ilikuwa hiyo. Watu hudhani ukadhi ni joho na kiti, lakini kwa kweli ni hesabu na subira. Mtu amekufa, ameacha nyumba moja ya mawe, mke, mama mzazi, wana wawili wa kiume na binti watatu, na ndugu anayeishi ndani ya nyumba na kudai kuwa marehemu alimpa. Kadhi asikie mashahidi, apime neno la hiba, atoe deni na wasia, ampe mke thumni na mama sudusi, kisha awagawie wana, wa kiume mafungu mawili na wa kike fungu moja. Au mke amekuja kuwa mume amesafiri miaka hana khabari wala nafaka. Shauri la namna hii halina sifa wala halitajwi gazetini, lakini kadhi akiwa dhaifu au akiwa na bei, nyumba nzima inaangamia. Kwa hiyo swala la nani atamteua si swala la wakubwa peke yao. Linamhusu mwanamke aliye jikoni, naye ndiye aliyekuwa mbali kabisa na kalamu ile ya Nairobi.

Mwaka 1937 alipandishwa kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, cheo ambacho mlezi wake, Sheikh Suleiman bin Ali, alikuwa amekishika kabla yake. Na hili pia lilikuwa na maneno. Kiti kutoka kwa mlezi kwenda kwa aliyemlea, na wote wawili Mazrui, kwa mtu asiyejua kilichotazamwa ni mfano wa mali ya urithi. Ukweli ni kuwa nyumba ile ilikuwa imejaa ilimu kama nyumba nyingine zilivyojaa biashara, na kumwacha mjuzi kwa sababu ya ukoo wake ni dhulma kama kumteua asiyejua kwa sababu hiyo hiyo. Lakini tena, lililo kweli na linaloonekana si kitu kimoja ila pakiwapo mizani ya wazi ambayo kila mtu anaiona ikipandishwa na kuteremshwa.

Katika miaka hiyo kumi hakuacha kusomesha. Ukadhi haukumgeuza kuwa mtu wa ofisi. Katika wanafunzi wake walitoka Sheikh Muhammad Kassim Mazrui na Sheikh Abdallah Saleh Farsy, na msomaji ataona punde kwa nini twawataja. Aliandika vitabu vya kuwafundisha dini watoto na watu wa kawaida, na aliandika kwa Kiarabu tarikhi ya utawala wa Mazrui wa Mombasa, ambayo ilichapishwa miaka mingi baada ya kufa kwake. Na ni ajabu kidogo kumfikiria mtu huyu mchana akihukumu kwa cheo cha serikali iliyotawala kwa jina la ukoo wa Seyyid Said, na katika faragha yake akiandika jinsi ukoo ule ulivyowapokonya babu zake mji. Alimtamani mwanawe Ali, aliyezaliwa mwaka 1933, aende Al-Azhar akawe mwanachuoni wa dini. Mtoto hakwenda huko, lakini akawa Profesa Ali Mazrui ambaye dunia ilimjua, hata alipofariki mwaka 2014 akarejeshwa kuzikwa Mombasa katika makaburi ya wazee wake.

Sheikh Al-Amin alifariki tarehe 1 Aprili 1947, mwaka 1366 Hijria, akiwa bado Kadhi Mkuu, na umri wake haujafika miaka 60. Mombasa ikalia. Na kiti kikajazwa kama kilivyojazwa siku zote, kwa uamuzi wa serikali, na mji ukaambiwa.

Khabari ya kiti haikufa naye. Mwezi wa Oktoba 1963, kabla ya uhuru, serikali ya Zanzibar na Jomo Kenyatta walipatana kuwa ukanda wa Pwani uingie katika Kenya na mahakama za makadhi zihifadhiwe, nayo yakaingia katika katiba, na sharia ya Mahakama za Kadhi ikatungwa mwaka 1967. Wanafunzi wawili wa Sheikh wakashika kiti kimoja baada ya mwingine: Sheikh Muhammad Kassim tangu 1963, kisha mwaka 1968 Sheikh Abdallah Saleh Farsy, aliyekuwa kadhi Unguja kabla yake. Uteuzi sasa ulikuwa wa Tume ya Huduma za Mahakama. Jina lilikuwa jipya, lakini kwa miaka mingi kabla ya mwaka 2010 tume hiyo ilikuwa na watu watano tu: Jaji Mkuu, Mwanasharia Mkuu, majaji wawili na mwenyekiti wa Tume ya Utumishi wa Umma, na hao wote walipata nafasi zao kwa Rais. Walikutana faraghani na kuamua faraghani. Matunda ya faragha hiyo yalionekana mwaka 2003, majaji 23 walipoondolewa kazini kwa mpigo mmoja kwa tuhuma za ufisadi, na raia wakauliza waliingiaje tangu awali.

Katiba iliyopitishwa katika kura ya tarehe 4 Agosti 2010 iligeuza mengi. Tume ina watu 11, na baadhi yao huchaguliwa na majaji, mahakimu na mawakili wenyewe. Nafasi ya jaji hutangazwa, majina ya wanaoiomba huchapishwa, raia mwenye jambo juu yao hukaribishwa kulileta, na mahojiano hufanywa mbele ya macho ya watu. Jaji Mkuu aliyepatikana mwaka 2011 alipita njia hiyo, na waliomfuata pia. Hata hivyo mwaka 2019 tume ilipeleka kwa Rais majina 41 ya majaji, naye akayaweka. Mahakama ikasema hana haki ya kuyazuia. Mwezi wa Juni 2021 akawateua 34 na kuwaacha sita, mmoja akiwa ameshafariki, kwa kusema kuwa uadilifu wao una shaka, bila ya kuuonyesha umma ushahidi wa shaka hiyo. Sita hao waliapishwa Septemba 2022, chini ya Rais mwingine. Hata mlango ukiwa wazi, basi, mwenye nguvu anaweza kusimama kizingitini.

Ama kadhi, yeye hahitaji mkono wa Rais, kwani katiba imeiachia tume yenyewe kumteua. Nafasi ya Kadhi Mkuu siku hizi hutangazwa kama nyinginezo, na wenye kuitaka huitwa kuhojiwa. Haya Sheikh Al-Amin hakuyapata, na twaona ni neema. Lakini lipo tatizo ambalo halijatatuliwa. Kifungu cha 170 kinataka kadhi awe Mwislamu na awe na ujuzi wa sharia ya Kiislamu utakaomwezesha, kwa maoni ya tume, kuendesha mahakama ya kadhi. Hakuna kifungu kinachotaka hata mmoja katika watu wale 11 awe amesoma fiqhi. Tume inaweza kuomba msaada wa wajuzi, na ikiomba ni vizuri, lakini kuomba kwake ni hiari. Aliyejifunza sharia ya Kiingereza, hata akiwa mwadilifu kama mizani ya dhahabu, atapimaje kama huyu aliyeketi mbele yake anaujua mlango wa faraidhi au ameuhifadhi usiku wa jana?

Na upande wetu pia una lawama. Majina yanapotangazwa na umma ukaitwa kusema, ni wangapi katika sisi wanaoandika barua? Twangojea jina litoke, kisha twasema baraza za kahawa kuwa Nairobi imetuwekea mtu. Babu zetu wa mwaka 1932 walikuwa na udhuru, hawakuulizwa. Barua moja yenye ushahidi, yenye jina la mwandishi na sahihi yake, iliyopelekwa kabla ya siku ya mahojiano, ina uzito katika kikao kile kuliko manung'uniko ya mji mzima baada ya kiapo. Katika darsa yetu tumekubaliana kuwa nafasi ya ukadhi ikitangazwa tena, tangazo litasomwa kwa sauti baada ya swala ya Ijumaa, pamoja na siku ya mwisho ya kupokea maoni, na wawili katika wanafunzi watakaa na kalamu na karatasi kwa ajili ya wasiojua kuandika, wanawake wakiwa na wakati wao mbali. Wa kwanza kuuliza habari ya jambo hilo alikuwa mama mmoja mwenye shauri la mirathi lililokaa miaka.